Panda Gari: kutoka Kampala hadi Butiaba kwa njia ya babu

Jumatatu: Kampala hadi Jinja

Marehemu baba yangu alikuwa gadi wa treni, na baba yake alikuwa mchukuzi wa kuni katika meli ya Ziwa Kyoga. Kwa hiyo sisi tuliokulia katika kota za reli za Nsambya tulibembelezwa kwa orodha ya vituo: Jinja, Mbulamuti, Namasagali, Masindi Port, Masindi, Butiaba. Baba aliitaja polepole, akitua baada ya Namasagali kwa sababu hapo abiria walishuka garini wakaingia melini, akatua tena baada ya Masindi Port kwa sababu hapo walishuka melini wakapanda lori. Ilikuwa njia kuu ya kufikia Ziwa Albert, na kutoka huko Kongo na Sudan, kabla ya barabara za lami na kabla ya ndege. Baba mwenyewe hakuwahi kuisafiri yote. Aliirithi orodha kutoka kwa babu kama mtu anavyorithi kanzu, akaivaa mpaka ikamkaa mwilini, na alipotusimulia jinsi gurudumu la meli lilivyokuwa likichapa maji alfajiri, sisi watoto tulidhani alikuwapo.

Nimestaafu ualimu, na leo nimeanza kuifuata orodha hiyo. Nimefuatana na binti wa kaka yangu, ambaye yuko mwaka wa tatu chuo kikuu na anasomea ualimu wa Kiswahili. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari, na tangu hapo mtoto huyu ameona mbele yake kazi ya maisha. Anataka kusikia Kiswahili cha babu yake kilikuwa cha namna gani. Nilimwambia kwamba hakikuwa cha vitabuni. Kilikuwa Kiswahili cha kota, ambamo Mjaluo, Mganda, Mteso, Mluhya na Mnubi waliishi ukuta kwa ukuta na kugombana juu ya zamu ya bomba la maji kwa lugha moja.

Katika kota zetu treni iliitwa gari, basi. Kila mwaka baba alipata likizo na pasi ya kutusafirisha sote bure hadi kwao Tororo. Siku hiyo tuliamshwa usiku, sanduku la bati likafungwa kamba, kuku wa kupeleka kwa bibi wakatiwa kapuni, na tulipofika stesheni baba alisimama mlangoni mwa behewa akiwa na kofia yake, akatuita mmoja mmoja kwa sauti ya kazini: "Panda gari! Panda gari!" Katika maisha yangu sikumbuki sauti iliyobeba furaha kuliko hiyo.

Asubuhi hii, katika paki ya teksi, nilimwona mtoto akisitasita mlangoni na mkoba wake, nami nikamwita kwa sauti ya baba: "Haya, panda gari!" Dereva, mtu wa makamo yangu, aligeuka akanitazama. "Nnyabo," aliniambia kwa Kiganda, bila ukali, "neno hilo usiliite hivyo mbele za watu." Kisha akaendelea kupanga mizigo. Mtoto aliniuliza kosa lilikuwa nini. Nilimwambia nitamweleza baadaye. Nilijua vizuri alichokuwa akikisema dereva, kwa kuwa mimi pia nilikuwa Kampala katika miaka hiyo. Ila kwa muda mrefu nimechagua kulikumbuka neno hilo kwa sauti ya baba peke yake.

Njia ilikuwa na magari mengi hadi Mukono, kisha tukapita msitu wa Mabira na mashamba ya miwa ya Lugazi, na saa nane tulikuwa tukivuka Mto Nile kwa daraja jipya lililofunguliwa 2018. Daraja la reli, ambalo lilijengwa reli ilipokuwa ikiifikia Kampala mwaka 1931, liko pale pale. Mtoto alipiga picha daraja jipya. Mimi nililitazama lile la zamani.

Jinja ni mji unaowafanya watu kuongea habari za zamani hata kama hujawauliza. Katika barabara kuu nyumba za Wahindi zingali na majina na miaka juu ya madirisha ya ghorofa, na mwenye nyumba ya wageni tuliyofikia alitueleza wakati ambapo ving'ora vya viwanda viligawa siku ya mji mzima, mpaka mtu asiye na saa akajua wakati wa kupika. Alisema mambo yaliharibika 1972, Wahindi walipopewa siku 90 kuondoka. Kisha akataja maneno mawili ambayo mtoto aliyaandika haraka daftarini. La kwanza ni "mafuta mingi", jina walilopewa wale waliogawiwa maduka na viwanda vilivyoachwa, wakatajirika kwa ghafla. La pili ni "magendo", biashara ya mlango wa nyuma iliyofuata sukari na sabuni zilipotoweka madukani. Sarufi ya "mafuta mingi" ilimsumbua mtoto. Alitaka kuisahihisha iwe "mafuta mengi". Nilimwambia aiache. Neno hilo lilizaliwa hivyo, na ukilisahihisha hakuna atakayejua unamzungumzia nani.

Jumanne: Mbulamuti na Namasagali

Reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ilifunguliwa 1912 kwa ajili ya pamba. Wakati huo haikuungana na reli yoyote nyingine. Ilikuwa kipande kilichounganisha maji na maji, Ziwa Victoria upande huu na Nile ya kuelekea Kyoga upande ule. Mwaka 1928 reli kuu iliyotoka Nakuru kupitia Tororo ilifika Mbulamuti, na Mbulamuti ikawa njia panda. Leo ni kituo kidogo cha biashara chenye pikipiki, maduka ya simu na mihogo iliyoanikwa. Nilimwuliza kijana wa bodaboda kama anajua kwamba hapa palikuwa na njia panda ya reli. Alinijibu kwa adabu kwamba bibi yake aliwahi kusema hivyo.

Kutoka Kamuli tulipanda pikipiki mbili. Barabara ni ya udongo mwekundu, na pande zote ni miwa na mahindi. Tulipokaribia mto, hewa ilibadilika, ikawa na harufu ya mafunjo na tope, na ghafla tukayaona majengo marefu ya bandari.

Nilikuwa nimejiandaa kuona magofu, nikakuta chuo. Baada ya bandari kufungwa, majengo ya reli yaligeuzwa kuwa shule ya sekondari iliyopata sifa nchi nzima, na sasa ni tawi la Chuo Kikuu cha Busitema. Wanafunzi wanapita na vitabu mahali ambapo babu yangu alipita na mzigo wa kuni begani. Gati lenyewe limebaki nguzo na vipande vya chuma majini, na magugu maji yamejikusanya hapo kama mkeka. Mtoto aliketi kwenye jiwe akaitaja orodha ya vituo kwa sauti ya chini, akatua baada ya Namasagali, kama alivyofundishwa na baba yake aliyefundishwa na baba yangu. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwa nini kituo hicho kilihitaji kutua. Maji ni mapana, na ng'ambo ni mbali, na mtu aliyetoka garini na mizigo yake alikuwa na kila sababu ya kusimama akavuta pumzi.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya uzio alitusalimu, "Kodheyo," kisha aliposikia tunaongea Kiswahili akahamia Kiswahili kana kwamba alikuwa ametunza nguo na leo amepata mahali pa kuivaa. Baba yake alikuwa bandarini. Alizitaja meli Stanley, Grant na Speke, zilizopewa majina ya wapelelezi wa Kiingereza, kwa namna mtu anavyotaja ng'ombe wa baba yake. Nilipomwuliza bandari ilikufaje, jibu lake lilikuwa tayari: "Wazungu waliondoka, na kila kitu kikaondoka nao. Enzi zile kulikuwa na utaratibu, dada yangu."

Jibu hilo nililisikia nyumbani mara nyingi, na nililiheshimu mpaka nilipoanza kulichunguza. Kilichoiua Namasagali kwanza ni mvua. Mwishoni mwa 1961 zilianza mvua ambazo hazikuwa zimeonekana katika kizazi hicho. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili katika muda usiofika miaka mitatu, Nile ikajaa, Kyoga ikafurika, magati yakazama. Kisha kilichozuia bandari isifufuliwe ni reli yenyewe, kwa kuwa njia ya kaskazini iliyopita Soroti, Lira na Gulu ilifika Pakwach mwaka 1964, na mzigo wa kutoka Kongo na Nile Magharibi haukuhitaji tena meli wala lori. Lakini katikati ya hayo mawili, tarehe 9 Oktoba 1962, Uganda ilipata uhuru. Bendera na mafuriko vilifika katika msimu mmoja, na mtoto aliyekuwa na miaka sita au saba, akimwona baba yake akirudi nyumbani bila kazi, alivifunga katika furushi moja. Baadhi ya watu huziita mvua zile mvua za uhuru. Jina hilo linaeleza wakati zilipokuja, na wengi wamelisikia kana kwamba linaeleza nani aliyezileta.

Nilimwambia mzee habari za mvua na Pakwach. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akasema maji anayakumbuka sana, kwa kuwa walivua samaki ndani ya ghala. Kisha akasema tena kwamba enzi zile kulikuwa na utaratibu. Sikubishana naye. Babu yangu pia alikuwa akisema hivyo, naye alibeba kuni miguu mitupu na kulala sitahani juu ya magunia, na katika meli ile vyumba vyenye vitanda havikuwa vya watu kama yeye. Nadhani alichokuwa akikiita utaratibu ni kujua kwamba kesho meli itakuja.

Jumatano: Kurudi nyuma hadi Bombo

Babu angetoka Namasagali kwa meli na kesho yake awe Masindi Port. Sisi, kwa kuwa meli hakuna, tulirudi Jinja, tukarudi Kampala, tukashika barabara ya Gulu. Siku nzima ilipotea barabarani, na sina la kuieleza ila vumbi.

Usiku huu tumelala Bombo kwa mke wa marehemu mjomba wangu, ndugu ya mama. Mama alikuwa Mnubi. Watu wake ni wazao wa askari wa Kisudani ambao Lugard, ofisa wa Kiingereza, aliwakuta karibu na Ziwa Albert mwaka 1891 akawaingiza katika jeshi la kampuni ya Kiingereza, na Bombo ni mji wao kwa sababu ni mji wa kambi. Mama Hajati, kama tunavyomwita sote, alitupikia gurusa na mchuzi, akamketisha mtoto kwenye mkeka alioushona mwenyewe kwa rangi tano, akamwuliza masomo yake. Alipoambiwa ni Kiswahili alicheka kwa furaha, na kicheko kikakatika katikati.

Alitusimulia jinsi mwaka 1973, Idi Amin alipotangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, watu wa Bombo walivyotembea vifua mbele, kwa kuwa lugha ya kambi na ya soko lao ilikuwa imekuwa ya wote. Miaka sita baadaye Amin alipoangushwa, walikimbilia Sudan na Kongo, kwa kuwa kila Mnubi alihesabiwa kuwa mtu wake. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Njiani alimkataza mwanawe mkubwa kusema neno lolote la Kiswahili wala la Kinubi mbele za watu, na mtoto yule wa miaka minne alinyamaza siku tatu nzima, hata alipokuwa na kiu. Waliporudi Bombo baada ya 1986, walikuta wengine katika nyumba yao.

Niliposikia hayo, niliona haya. Mwaka 1979 sisi katika kota za Nsambya tulikuwa na mama Mnubi ndani ya nyumba, na baba alimwambia asitoke kwa wiki nyingi. Hilo nalijua. Lakini nikiulizwa habari za utoto wangu, naeleza sanduku la bati, kuku na kofia ya baba mlangoni mwa behewa. Sijawahi kuanza na mama aliyekaa nyuma ya pazia.

Alhamisi: Luweero hadi Kigumba

Gurudumu la basi lilipasuka baada ya Wobulenzi, na kwa saa mbili tulikaa chini ya mwembe kando ya barabara, karibu na meza ya mama mmoja aliyekuwa akiuza mananasi. Luweero ni nchi ya mananasi, na yake yalikuwa matamu kweli. Tuliongea Kiganda, tukaulizana habari za watoto na bei, na alikuwa mchangamfu mpaka mtoto aliponigeukia akaniuliza kwa Kiswahili kama tuna maji ya kutosha. Yule mama alinyamaza. Alikata nanasi lililofuata bila kuinua macho.

Baadaye yeye mwenyewe alilianzisha. Alimwuliza mtoto kwa Kiganda amejifunza wapi lugha ile. Mtoto alimweleza kwa fahari kwamba anasoma ili aifundishe, na kwamba serikali inataka shule zote ziwe nayo. "Utakuja kutufundisha sisi?" aliuliza yule mama. "Hapa sisi tulikwishafundishwa." Akayataja maneno aliyofundishwa, kwa Kiswahili, moja moja, akiyaweka mezani kama mawe: kitambulisho, lala chini, toa pesa, panda gari.

Hapo ndipo nilipolazimika kumweleza mtoto nilichokuwa nimekiahirisha tangu Jumatatu. Katika miaka ya vita vya hapa, kati ya 1981 na 1986, askari wa serikali walikuwa wakizingira mtaa au soko, wakawakusanya wanaume, wakawaamuru kuingia katika malori, na msako huo ulijulikana mjini na vijijini kwa amri yenyewe: panda gari. Watu walisema, "Jana kulikuwa na panda gari Katwe," kama mtu anavyosema jana kulikuwa na mvua. Wengine walirudi baada ya kuhojiwa na wengine hawakurudi. Yule mama alikuwa na kaka aliyekuwa seremala Kampala. Alipanda gari mwaka 1982. Hakutueleza zaidi ya hapo, nami sikumwuliza.

Mtoto alifungua mdomo akaufunga. Kisha akauliza swali ambalo nililiogopa, kwa sababu ni swali la haki: je, wale walioshinda vita na kuingia Kampala Januari 1986 hawakuwa nao wakiongea Kiswahili? Yule mama alikubali. Alisema ndiyo, hata wale wa msituni waliamriana kwa Kiswahili, na kwamba mwanzoni walipokuja kijijini usiku wakisema kwa upole, watu walitetemeka vilevile, kwa kuwa sikio halikuwa na namna ya kupambanua. Ilichukua muda kuzoea kusikia lugha ile ikisema "asante".

Nilimwambia kuhusu baba. Sikujua kama ni vizuri kumwambia, lakini nilihisi ni aibu kuficha. Nilimweleza stesheni, pasi, kuku wa bibi, na sauti ile mlangoni mwa behewa. Alinitazama kwa muda, akauliza baba alikuwa akifanya kazi miaka gani. Nilimjibu: hadi miaka ya themanini. "Basi na yeye aliyasikia ya upande wetu," alisema. Ni kweli. Nikaanza kukumbuka, pale chini ya mwembe, kwamba katika miaka ya mwisho baba alikuwa ameacha kutuita kwa maneno yale. Alikuwa akisema "ingieni." Mimi nilidhani ni uzee na uchovu, kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imekufa 1977, rafiki zake Wakenya wamerudi kwao, mabehewa yamechakaa na hakuna aliyekuwa na furaha ya kuita watu. Huenda aliliweka neno lile chini kwa makusudi. Sasa hayupo wa kumwuliza.

Yule mama alikataa malipo ya nanasi la mwisho. Gari lilipokuwa tayari alimwambia mtoto, kwa Kiganda, kwamba akija kufundisha aanze na nyimbo.

Tulivuka daraja la Kafu jioni, na tumelala Kigumba. Mtoto hajaandika kitu leo.

Ijumaa: Masindi Port na Masindi

Masindi Port ni mahali ambapo Nile inatoka Kyoga ikiwa haina haraka. Kuna kivuko kinachokwenda Kungu, ng'ambo, na juu yake leo kulikuwa na lori moja la mahindi, pikipiki kumi na moja na ng'ombe wanne. Hapa babu alishusha kuni za mwisho na kulala siku mbili kabla ya kurudi. Mwanamke aliyekuwa akifua alinionyesha mahali pa gati kwa kidevu, mikono yake ikiwa na povu.

Masindi tulifika saa tisa. Hoteli ya reli, iliyojengwa 1923 kwa ajili ya abiria waliokuwa wakibadilisha meli kwa gari na gari kwa meli, ingali inafanya kazi, na husemwa kuwa ndiyo ya zamani kuliko zote Uganda. Baba alikuwa akiisifu kana kwamba tunaimiliki: veranda, viti vya mbao, bustani. Babu hakuwahi kuingia. Alilipita lango lake na magunia, kwa sababu wachukuzi hawakuwa na la kufanya ndani, na kila alichokijua juu ya hoteli hiyo alikijua kutoka barabarani. Sifa zote zile tulizorithi zilikuwa sifa za mtu aliyesimama nje ya uzio.

Niliagiza chai ya maziwa kwa watu wawili. Tulikaa verandani mpaka giza likaingia. Mhudumu alituuliza empaako zetu, yale majina ya heshima ambayo Wanyoro na Watooro hupeana ili wasiitane kwa majina makavu, kama Amooti, Abwoli, Akiiki, Atwoki. Desturi hiyo iliingizwa 2013 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, lakini kwa mhudumu yule ilikuwa namna tu ya kuleta chai. Tulimwambia hatuna. Alionekana kutuhurumia.

Jumamosi: Butiaba

Barabara ya Butiaba inapita kando ya msitu wa Budongo, na siku hizi, kwa ajili ya mafuta ya Buliisa, barabara za upande huu zimetiwa lami pana ambayo babu asingeiamini. Baada ya Biso nchi inakatika. Unasimama ukingoni mwa bonde la ufa, na chini yako kuna Ziwa Albert, na ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo, ya buluu, imepangana kama magunia. Mtoto aliitaja orodha mpaka mwisho, akanyamaza, kwa kuwa baada ya Butiaba hatukufundishwa neno jingine.

Wageni wachache wanaoijua Butiaba huijua kwa ajali ya ndege ya Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani, ya Januari 1954. Alikuwa ameanguka karibu na maporomoko ya Murchison, akaletwa hapa kwa mashua, na ndege iliyokuja kumchukua ikawaka moto kiwanjani. Kwa mji uliolisha, ukapokea na kusafirisha watu wa nchi tatu kwa miaka zaidi ya thelathini, naona ni kumbukumbu finyu mno kuutaja kwa ajali ya mgeni wa siku moja.

Mzee tuliyemkuta akirekebisha nyavu alikuwa na kumbukumbu nyingine. Alizungumza Kiswahili cha ziwani, chenye Kialuri na Kilingala ndani yake, kwa kuwa mwaloni hapa Mgungu, Mualuri na Mkongo huuziana samaki, muziri na mputa, kwa lugha hiyo tangu zamani. Alituonyesha mahali ilipozama Robert Coryndon, meli iliyoundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa na kuanza kazi ziwani 1930. Maji yale yale ya miaka ya Namasagali yalipanda hapa pia, bandari ikafunikwa, na mwaka 1964 meli ikapinduka. Kwa miaka mingi mbavu zake zilionekana juu ya maji, na watoto wakajifunza kuogelea kutoka kwake.

Nilingoja aseme kwamba Wazungu waliondoka na kila kitu kikaondoka nao. Hakusema. Alisema ziwa lilitaka mahali pake, na kwamba mwaka 2020 lilirudi kupadai tena. Alinyosha mkono kuelekea maji: nyumba yake ya kwanza ilikuwa pale, duka la mwanawe pale, msalani pa shule pale. Nilipomwuliza kama zamani ilikuwa bora, alifikiri kwa muda mrefu akiwa na uzi mdomoni, akajibu kwamba samaki walikuwa wakubwa zaidi, na kwamba baba yake alikuwa akipigwa na msimamizi wa bandari.

Nilimtajia babu yangu, mchukuzi wa kuni, Mjapadhola mrefu mwenye kovu mkononi. Hakumjua. Wachukuzi walikuwa wengi, alisema, na wa Kyoga hawakufika huku mara nyingi. Kisha akaniuliza empaako yangu, nikamwambia sina, akamwuliza mtoto, naye akasema hana. Aliweka nyavu chini. Alisema haiwezekani watu watoke mbali hivyo kwa ajili ya baba zao halafu waondoke bila jina la kuitwa. Mimi akaniita Abwoli na mtoto Akiiki, akatufanya tuyarudie mbele ya wavuvi wawili kama mashahidi, kisha akarudi kwenye uzi wake.

Jioni mtoto alifungua daftari. Niliona ameandika "panda gari" juu ya ukurasa, na chini yake safu mbili. Katika moja ameandika stesheni, kuku, kofia. Katika nyingine ameandika Katwe, 1982, seremala. Aliniuliza kama siku moja anaweza kuandika pia habari za bibi yake nyuma ya pazia. Nilimwambia nitamsimulia kesho, njiani, yote ninayoyajua.

Jumapili: Asubuhi

Gari la Hoima linaondoka saa kumi na mbili na nusu. Kuna ukungu ziwani, na mashua za usiku zinarudi zikiwa na taa zingali zinawaka. Yule mzee amepita, ameniamkia kwa jina langu, "Abwoli," nami nikachelewa kidogo kuitika. Kondakta hakuita mtu. Alilipiga bati la gari kwa kiganja mara mbili, nasi tukaingia.